Bibi wa mchumba hali hata kitunguu, wajomba zangu wanataka ndafu

"Shangazi shikamoo. Mi ni Mchaga wa Marangu nipo Dar, naolewa mwezi wa 12 na kijana wa Kihindi, kwao ni Wagujarati na bibi yake ni Mjaini wa kushika dini kweli, hali nyama, hali mayai, hata kitunguu na kiazi hali. Wageni 350, nusu kwa nusu. Ukweni wamesema nyama isiingie ukumbini kabisa. Wajomba zangu nao wanasema bila ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, hawaji, wamechanga kadi za double alafu wakale majani? Mchumba nikimuuliza anasema tumalizane wenyewe. Mpishi tuliyempata kaniambia nisihangaike, wali wa mboga atautia supu ya mifupa kidogo upate ladha, hawatajua. Nifanyeje? Bibi harusi wa Mbezi."

Marahaba mwanangu. Mambo ni mengi ila naanza na huyo mpishi. Mfukuze. Sio kesho, leo, na kama umempa advansi imeenda na iende. Huyo bibi ana miaka mingapi? Themanini? Yaani mtu hajawahi kuweka nyama mdomoni tangu azaliwe, alafu siku ya harusi ya mjukuu wake nyie mumlishe mifupa kwa siri ili wajomba wasikie ladha, na ikija kujulikana (na itajulikana, maana jikoni kwenye harusi kuna watu thelathini na kila mmoja ana mdomo) hiyo ndoa yako itabaki na doa ambalo hata ukizaa mapacha halitoki. Tafuta mpishi wa Kigujarati, wenyewe wanamwita maharaj, yeye anajua kupika bila kitunguu na chakula kikanoga, harufu anaitoa kwenye hingi (mvuje) na jira na majani ya mchuzi.

Sasa tuje kwenye ndafu. Mi naona nyie mmekosea kitu kimoja tu, mnataka menyu moja iridhishe watu wote siku moja. Kwani sendofu ni ya nani? Si ya kwenu? Basi ndafu iingie siku ya sendofu, isimame pale na majani yake mdomoni, emsii apige kelele zake, mkate mlishane, mbege iwepo, wajomba wale mpaka wachoke. Siku ya harusi yenyewe ni majani tupu kama wanavyoita wao, na usiniambie habari ya kuweka kameza kadogo ka nyama kule nyuma kwa wanaotaka, hapana, kwenye familia kama hiyo hakuna nyuma, na kumbi nyingi za jumuiya zao haziruhusu nyama wala pombe hata getini. Mjomba mkubwa akikaza sana, we si Mchaga bwana, unajua kazi ya jani la isale ni kuomba radhi, mpelekee.

Ila hiyo sendofu nayo uwe makini kwasababu ukweni watakuja. Meza yao iwe mbali na ndafu, vijiko vyake, sufuria zake, na sambusa zao zisikaangwe kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga kuku, hapo ndo watu wengi wanaharibu, wanasema si mboga tu ndani, kumbe mafuta ni yaleyale. Na waambiwe mapema kwamba ndafu ipo na itaingia saa ngapi, ili mzee asiyetaka kuiona atoke nje kidogo apunge upepo bila kuaibisha mtu.

Alafu uelewe kwanini hawali viazi, maana ukielewa hutakosea menyu. Wajaini wanakwepa kuua kiumbe chochote kadri wanavyoweza. Kiazi, karoti, kitunguu, saumu, bitiruti, ukivichimbua mmea wote umekufa na vijidudu vya kwenye udongo navyo vimekufa. Kwaiyo hata muhogo wa kukaanga, ambao Wahindi wa huku wanaupenda sana wanauita mogo, kwa bibi haufai. Uyoga hapana, asali hapana. Tangawizi mbichi nayo hapana, ile kavu ya unga wengi wanatumia. Maziwa, mtindi na samli hawana shida navyo. Wengi ukiwapikia sambusa au bhajia wanaweka ndizi mbichi badala ya kiazi. Ndizi mbichi! Sasa mtoto wa Marangu unaniuliza mimi mtapika nini? Kiburu kile, ndizi na maharage, bila kitunguu, weka samli, weka kwenye bufee ya harusi katikati kabisa, wajomba wataona cha kwao na bibi atakula.

Vingine nikupe haraka: dhokla na khandvi za kuanzia (vitafunwa vya unga wa dengu), puri za moto (kadiria nne au tano kwa kichwa), mchuzi wa paneer maana ile jibini inatafunika kama nyama na inashibisha wanaume, dengu za chole, mahindi ya nazi, wali wa jira, kadhi (mchuzi wa mtindi), achari, kachumbari isiyo na kitunguu. Undhiyu, ile mboga yao ya mchanganyiko, kama ukweni wanaitaka waachie wapishi wao, na kwa bibi itatengenezwa tofauti kwasababu ile ya kawaida imejaa viazi vikuu. Weka na mtu wa kukaanga jalebi palepale wageni wanaona, watoto hawatasumbua. Mchele usiuzidishe, vyakula vikiwa vingi hivyo kilo moja inafika watu kumi. Na mama yako akisema hajui chakula cha Kihindi mwambie chapati, achari na kachumbari anazopika kila Krismasi alifikiri zimetoka Kibosho?

Wajulishe ndugu zako pia kwamba kwa Wagujarati tamu inaliwa pamoja na chakula, kwenye sahani hiyohiyo, dali yenyewe ina sukari guru. Ile shrikhand usoni ni kama mtindi mzito, kumbe ina sukari na iliki na zafarani, na nakwambia kuna baba mdogo mmoja lazima ataimwagia kwenye wali.

Kitu ambacho hujaniuliza na ndo kitakusumbua kuliko ndafu ni muda. Wajaini walioshika dini wanamaliza kula kabla jua halijazama, na harusi zetu za Dar tunazijua, kadi inasema saa 12, maharusi wanaingia saa 3, utambulisho, zawadi, keki, chakula saa 5 usiku watu wanasinzia. Bibi ashinde na njaa mpaka asubuhi? Wawekee wazee meza yao saa 11 jioni, wale kwa amani, alafu ndo shughuli ianze.

Na muulizane pesa mapema. Kwao kwa desturi siku ya mandap, yaani ya kufunga ndoa, upande wa binti ndo unalisha watu, kwetu harusi ni ya upande wa mume, sasa inawezekana kila upande umekaa unasubiri mwenzake alipie hizo paneer.

Huyo mchumba wako sijamsahau. "Tumalizane wenyewe" maana yake nini, wewe na mama yake? Wewe kwa mama mkwe bado ni mgeni, neno lolote utakalosema kuhusu nyama litasikika kama dharau, yeye ni mtoto wao akikosea watamsamehe. Yeye ndo aende kwa bibi akae chini aulize hiki unakula hiki huli, aandike, akuletee. Na yeye ndo awaeleze kwao kwamba sendofu itakuwa na mbuzi. We kazi yako wajomba. Akikataa hata hilo dogo niandikie tena, ila hiyo barua ya pili haitakuwa ya menyu.

Keki isiwe na mayai, nilitaka kusahau. Na baba mdogo akishamwagia ile shrikhand kwenye wali, naomba picha.