Kipilefti cha nani?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la sita hapa Arusha. Kwenye insha yake aliandika: "Tulisubiri basi karibu na kipilefti ya Mnara wa Saa." Mwalimu wa darasa akalikata neno "kipilefti" kwa wino mwekundu, juu yake akaandika "mzunguko", na pembeni: "Hiki si Kiswahili." Mtoto analia kwamba makonda wote wanasema hivyo. Nani yuko sahihi? Na wingi wake ni upi? Baba yake anashikilia kuwa ni "makipilefti".

JIBU: Marahaba, mama, na mpe pole mwandishi wetu.

Neno hili lina asili ya Kiingereza, hilo halina ubishi. Tunaendesha magari upande wa kushoto, utaratibu tuliourithi kwa Waingereza. Ukifika penye makutano ya mviringo huruhusiwi kukata kulia moja kwa moja. Unashika kushoto, unakizunguka kile kisiwa cha katikati kama mishale ya saa inavyozunguka, mpaka uifikie barabara yako. Kibao cha hapo kiliandikwa KEEP LEFT, yaani "shika kushoto". Ilikuwa amri kwa dereva, sisi tukaigeuza jina la mahali.

Sasa mwambie Mwingereza mkutane kwenye keep left uone atakavyokutazama. Kwake hayo ni maneno mawili, kitenzi na upande. Mahali penyewe anapaita roundabout. Kwa hiyo anayesema kipilefti si Kiswahili ana kazi ya kutuambia ni lugha gani, maana Kiingereza chenyewe hakilijui kwa maana hiyo. Ajabu nyingine ni kwamba haliwezi hata kuvuka mipaka yote ya Waswahili. Lubumbashi na Bujumbura magari hushika kulia, na jina la mahali hapo limetoka kwenye Kifaransa, rond-point. Ukipeleka kipilefti chako huko unampoteza dereva mara mbili.

Kuhusu wingi, baba samahani, ni vipilefti. Hapa ndipo pananifurahisha zaidi. Sauti ya kwanza ya keep haikuwa kiambishi chochote, lakini sikio la Mswahili liliposikia "ki" likaona nguo ya nyumbani. Likalivisha neno ngeli ya KI-VI: kipilefti hiki, vipilefti hivi, kipilefti kimebomolewa, vipilefti vimepandwa maua. Tulishafanya hivyo zamani kwa kitabu. Ile "ki" ni ya mzizi wa Kiarabu, na Mwarabu akitaka wingi husema kutub. Sisi tukasema vitabu na hatujaomba radhi hadi leo. Club ya Kiingereza nayo tuliichomekea irabu ikawa kilabu, basi vilabu vikafuata. (Wengi siku hizi huandika "klabu" kwa timu ya mpira na kuiachia "kilabu" sehemu ya pombe, ila kwenye wingi timu na pombe hukutana tena: vilabu.) Na kile kibati kinachozuia tope juu ya gurudumu la baiskeli, mudguard, tulisikia "ma" tukadhani ni wingi. Tukapata madigadi, kisha kutoka hapo tukalichonga umoja: digadi.

Lakini si kila "ki" hunaswa. Tunasema kilo mbili, hakuna anayenunua "vilo viwili" vya sukari, wala mtu hatembei "vilomita". Na mtazame kipa. Ametoka kwenye kitenzi kilekile, keep, tena huenda yuko uwanjani dakika hii. Wingi wake ni makipa, kamwe si "vipa". Labda ndiye aliyemponza baba. Huyo ni mtu mwenye kazi yake, naye kafuata njia ya mabeki na mareferii. Kipilefti ni kitu, hakina sababu ya kumfuata.

Hukuniuliza tahajia, lakini nitaigusa, kwani nimeona "keepleft", "kiplefti", "kipilefiti" na hata "kipilefuti". La kwanza liachwe: kwa Kiswahili "kee" husomwa ke-e. "Kiplefti" silikatai, maana tuna plasta na plastiki, ila masikio yangu husikia irabu katikati, ki-pi. Hayo mawili ya mwisho yanakwamishwa na mkazo. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hivyo "kipilefiti" ingebidi itamkwe kwa kukazia "fi". Msikilize konda anapogonga bodi akipaza "kipilefti, shusha!" Anakazia "le". Nasi hatuogopi f na t kukaa pamoja; tunao mufti, tunayo lifti. Naandika kipilefti.

Na mzunguko? Ni neno zuri, safi, na kwenye maandishi ya kiserikali au mtihani ningelitumia mwenyewe. Tatizo lake ni kuwa na kazi nyingi mno. Kuna mzunguko wa damu, mzunguko wa fedha, mzunguko wa pili wa ligi, mzunguko wa mwezi. Ukiliweka barabarani lisindikize, "mzunguko wa barabara", la sivyo msomaji atasita. Kipilefti halihitaji msindikizaji. Pia kwa wengi hutaja vitu viwili, kile kisiwa chenye maua au sanamu katikati na makutano yote kwa jumla. Ndiyo maana Dar es Salaam mtu anaweza kusema sanamu ya Askari imesimama kwenye kipilefti, na mwingine akasema foleni imeanzia kipilefti, wote wakaeleweka.

Kenya utasikia zaidi "raundabauti", nalo silipigi vita.

Turudi kwenye insha. Mtoto anasimulia safari ya basi, na msafiri wa Arusha husema kipilefti. Ningemwachia neno lake. Kosa lililomo ni hiyo "ya", ambayo kalamu nyekundu iliiruka. Tena baada ya masahihisho sentensi inasomeka "mzunguko ya Mnara wa Saa", ambayo haikubaliki kwa neno hili wala lile. Mwanao aandike: "Tulisubiri basi karibu na kipilefti cha Mnara wa Saa." Akitaka kumridhisha mwalimu, "mzunguko wa Mnara wa Saa".