Debbie Friedman hakuwa kantori wa kusomea

Wapo wanaodhani kwamba Debbie Friedman, mwimbaji na mtunzi wa nyimbo za ibada za Kiyahudi, alikuwa kantori wa kusomea, yaani yule kiongozi wa uimbaji wa sala kwenye sinagogi, nyumba ya ibada ya Wayahudi. Hapana, hakuwahi kuhitimu wala kutawazwa. Hata noti za muziki hakuwa anasoma. Alianza na gitaa kwenye kambi za vijana wa Kiyahudi wa mrengo wa Reform, ule wa kimageuzi, huko Marekani, na mwaka 1972 akatoa albamu yake ya kwanza, Sing Unto God.

Kinachowachanganya watu ni Hebrew Union College, chuo cha mrengo huo kinachoandaa marabi na makantori. Alifundisha pale kuanzia 2007, tena akiwafundisha hao hao wanaosomea ukantori, na alipofariki Januari 2011 chuo kikaipa shule yao ya muziki wa ibada jina la Friedman. Kwa hiyo mtu akiona jina mlangoni anadhani alisoma hapo. Hapana, alikuwa mwalimu.

Na wanaodai kwamba wimbo wake "Mi Shebeirach" aliutunga peke yake, hapo napo si sawa kabisa: aliuandika na rabi Drorah Setel, miaka ya 80 mwishoni. Ni ombi la kale la kuwaombea wagonjwa, wao wakalichanganya Kiebrania na Kiingereza. Kwenye masinagogi mengi ibada husimama kidogo, watu wakataja kwa sauti majina ya wagonjwa wao, ndipo wimbo unaimbwa. Ila tahadhari: kwa Wayahudi Waorthodoksi nyimbo zake hutazikuta sana, huko bado wanashika zaidi mapokeo yao.