Tutalala Grand Canyon kwenye RV, hamna umeme wa kuchomeka

SWALI: Habari za kazi, sisi ni familia tupo Ohio, tumekodi RV, lile gari lenye vitanda na jiko ndani, mwezi wa 10 twende Grand Canyon kule Arizona na tumeshabuku Mather Campground, kambi ya hukohuko, sasa naambiwa pale hamna umeme wala bomba la kuunganisha kwenye gari, je tutaweza na watoto wadogo? Mama wa wawili, Columbus

JIBU: Mtaweza dada, ila kwanza pima gari manake Mather hawapokei linalozidi futi 30. Taa, pampu ya maji na feni ya hita zinatumia betri, jiko na hita yenyewe gesi, friji nyingi za RV pia gesi, kwa hiyo mtungi uwe umejaa. Eisii na maikrowevu ndo msahau mpaka muwashe jenereta, na jenereta ina masaa yake ya kuruhusiwa kuwashwa. Kinachomaliza betri ni hiyo feni ya hita usiku, na kule ni juu sana, kama mita 2,100, baridi ya Oktoba si mchezo, wavisheni watoto vizuri, mablanketi ya kutosha, hita muipunguze moto. Na king'ora cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu isiyo na harufu, kijaribuni kabla hamjalala jamani, nawaomba sana.

Tenki la maji mjaze mapema, maji ya vyombo msimwage chini, yana tenki lake na sehemu ya kulimwaga ipo hapohapo. Bafu za kulipia zipo karibu. Mkiona mzigo, kambi ya RV ya Trailer Village ni jirani, ina umeme na maji, wahini kubuku.