Shahada ya Uganda, uzamili Dodoma: utambuzi wa moja kwa moja unaishia wapi?

SWALI: Nina shahada ya kwanza ya uhasibu ya miaka mitatu kutoka Uganda na nataka kusoma uzamili hapa Dodoma. Nilisikia shahada za Afrika Mashariki sasa zinatambuliwa moja kwa moja. Mbona chuo kinanitaka nianzie Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU)? Na je, krediti zangu 120 si chache? (Msomaji, Nkuhungu)

JIBU: Ulichosikia kina msingi. Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walitangaza Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu. Lakini utambuzi wa aina hiyo unajibu swali moja tu: shahada ya kwanza ya kule ihesabiwe kuwa shahada ya kwanza huku. Hauthibitishi kwamba cheti ulichoshika ni halali, wala haukupi nafasi ya masomo. La kwanza ni kazi ya TCU, la pili ni la chuo chenyewe, ambacho bado kitapima ufaulu wako na masomo uliyosoma.

Kuhusu krediti, ondoa hofu. Tanzania shahada ya kwanza huanzia krediti 360, kila moja ikiwa saa 10 za kujifunza kwa jumla, pamoja na kujisomea. Uganda krediti moja ni saa 15 za darasani, kujisomea hakumo. Vipimo ni viwili tofauti, kwa hiyo usigawanye 120 kwa 360. Namba za ngazi za elimu nazo hupotosha vilevile: shahada ya kwanza ni ngazi ya 8 kwetu, lakini ni ya 6 kwenye mfumo wa Afrika Mashariki na ule wa Ulaya.

Maombi ya TCU hufanyika mtandaoni. Pakia cheti, transkripti kamili ya miaka yote, na vyeti vya sekondari. Kama sekondari ulisoma Uganda pia, tafuta mapema ulinganifu wa vyeti hivyo Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA). Hapa ndipo wengi hukwama wakidhani shahada inafuta yaliyo chini yake.

Jina ndilo linalosumbua zaidi. Likiwa na mpangilio mmoja kwenye cheti cha kidato cha nne na mwingine kwenye shahada, ambatisha hati ya kiapo au ya kubadili jina kabla hujaulizwa. Barua ya matokeo ya muda haishiki nafasi ya cheti. Hakikisha pia kwamba programu yako, na kampasi uliyosomea, vilikuwa na ithibati ya baraza la elimu ya juu la Uganda katika miaka uliyosoma. Ithibati iliyokuja baadaye inaweza kukuzulia maswali.

Muda mrefu hupotea TCU inaposubiri chuo chako kithibitishe cheti. Waandikie ofisi ya msajili wa taaluma sasa, uwape namba yako ya usajili na mwaka wa kuhitimu, ili barua ya uhakiki isiwakute hawana habari. Usingoje dirisha la udahili lifunguliwe.