Kabla Hujapiga Picha, Uliza Maji Yakoje

Nyinyi mnaoanza kuzunguka na simu mkononi, mkipiga picha na kuandika mnayoyaona baina ya Vanga na Lamu, pwani ya Kenya, nimekuwa kwenye kazi hii muda wa kutosha kujua inapoharibikia. Haiharibikii kwenye kamera. Simu ya kawaida inatosha, na macho yenu ya wenyeji yanaona mengi ambayo mtaalamu wa kuja na kuondoka hatayaona. Kazi huharibika pale picha inapobaki peke yake, haina mahali, haina saa, haina hali ya maji, wala haina jina la aliyekueleza ulichokiona. Picha ya pweza isiyo na hayo manne ni picha ya pweza tu. Iliyo nayo itamfaa mvuvi, itamfaa mtafiti, na itamfaa mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayopanga siku ya kila mtu pwani na ndiyo wanaoanza huyasahau. Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na nyakati hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huja bamvua. Maji hupanda sana na kushuka sana, na hapa Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa huzidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi mbali, na tofauti hiyo huwa karibu mita 1 tu. Kisha liko jambo ambalo wazee wanalijua bila kuangalia popote: siku za bamvua, Mombasa maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na hujaa mnamo saa kumi alasiri. Siku za maji mafu mambo hugeuka. Ndiyo maana akina mama wanaochokoa pweza kwa miguu miambani huhesabu siku za mwezi. Kalenda ya ukutani haiwasaidii.

Kwa nini nalisisitiza hili? Kwa sababu nimeona ubishi mkubwa ukizuka juu ya picha mbili za ufuo mmoja. Moja ya zamani, mchanga mpana. Nyingine ya karibuni, maji yamefika kwenye mizizi ya minazi. Watu wanasema bahari imekula ufuo. Huenda imekula kweli, na pwani yetu ina sehemu nyingi zinazomomonyoka, lakini picha hizo haziwezi kusema hivyo ikiwa hakuna ajuaye ya kwanza ilipigwa maji yakiwa yamekupwa au yamejaa, bamvua au maji mafu, wakati wa kaskazi au wa kusi. Ukitaka kufuatilia ufuo wa kwenu, simama mahali pamoja, elekeza simu upande mmoja, na uende siku za bamvua maji yakiwa yamejaa. Mwezi unaofuata rudi hali ikiwa ileile. Hapo ndipo picha zako zitaanza kusema kitu ambacho hata ofisi ya kaunti haiwezi kukipuuza.

Upepo nao uandikwe. Kusi linapovuma, tangu Aprili hivi hadi Septemba, bahari huchafuka na wenye vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba. Kaskazi ikiingia mwishoni mwa mwaka maji hutulia na watu hutoka mbali zaidi. Samaki utakaowaona ufukweni Julai na Januari si walewale, na anayeandika "samaki wameisha" mwezi wa Julai huenda ameandika tu kwamba vyombo havikutoka.

Kuhusu saa, kuweni waangalifu kuliko mnavyodhani mnahitaji. Mvuvi akikwambia saa nne, usiandike 4:00 kwenye jedwali lako. Andika 10:00, na uongeze kama ni asubuhi au usiku. Na mzee wa Kiislamu akisema jambo lilitokea usiku wa Ijumaa, anakusudia usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao kwenye simu yako bado ni Alhamisi. Muulize palepale. Ni swali la heshima na hakuna atakayelichukia.

Kama unadhani haya ni mambo madogo, fikiria habari ya silikanti. Mwaka 1938, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer, aliyesimamia jumba dogo la makumbusho, alikuwa na desturi ya kwenda bandarini kutazama walichovua wavuvi. Siku moja akaona samaki asiyemjua, kumbe ni wa jamii iliyodhaniwa imetoweka pamoja na madinosaria. Alimchora, akaandika alivyo, akampelekea mtaalamu J.L.B. Smith mchoro huo. Matumbo ya samaki yalikuwa yamekwisha oza na kutupwa, na wataalamu wakangoja hadi 1952 kumpata wa pili, huko visiwa vya Komoro. Wavuvi wa Komoro hawakushangaa. Walikuwa na jina lake, gombessa, na walikuwa wakimvua mara kwa mara. Mwaka 2001 akavuliwa Malindi, kwetu hapahapa. Mimi huona mafunzo mawili humo, na yote ni yenu. Mchoro na maelezo yaliandikwa mapema, ndiyo maana habari ikasimama. Na wenyeji walikuwa na elimu hiyo miaka yote, ila hakuna aliyekwenda kuwauliza na kuiandika.

Sasa simu. Washa huduma ya mahali (location) kwenye kamera kabla hujatoka nyumbani, ili kila picha ibebe kipimo cha ilipopigwa. GPS haihitaji bando, inahitaji mbingu wazi. Kwenye vichochoro vya Mji wa Kale au vya Lamu, kuta ndefu huipotosha, kwa hiyo andika pia jina la mtaa na msikiti ulio karibu. Picha ya asili usiitegemee WhatsApp kuihifadhi: ukiituma kama picha ya kawaida hubanwa na taarifa za mahali hufutwa. Itume kama hati, au ihamishe kwa waya. Na wale waliouziwa simu isiyoingia maji, jueni kwamba vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi. Chumvi ni kitu kingine kabisa. Ikinyunyiziwa maji ya bahari, ifute kwa kitambaa kilicholowa maji ya bomba, iache ikauke vizuri, na usiichomeke chaji tundu likiwa na unyevu.

Sauti ni hazina kuliko picha, na wengi hawairekodi. Mzee anayekutajia mikoko kwa majina, mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana, na kukwambia upi ni wa boriti na upi ni wa mataruma ya jahazi, mrekodi akisema kwa lafudhi yake. Mkalishe nyuma ya ukuta, upepo usiingie. Mpe shikamoo, keti, kubali kikombe cha kahawa, na simu isitoke mfukoni mpaka umwombe ruhusa. Ukishamaliza mwulize: jina lako nilitaje, au nisilitaje? Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya 2019, lakini hata isingekuwepo, hiyo ndiyo adabu tuliyolelewa nayo. Watoto usiwapige picha bila idhini ya wazazi wao.

Yako pia mambo ambayo ukiyaona huyaandiki hadharani. Kiota cha kasa au ng'amba, piga picha, andika mahali kwenye daftari lako, waarifu wanaovilinda, na usichapishe ramani yake, kwa sababu mayai yanaibwa. Misitu ya kaya za Wamijikenda, yaani misitu mitakatifu ya mababu zao, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008, lakini mwenye neno la mwisho kuhusu kuingia na kupiga picha ni wazee wa kaya husika. Wakikataa, umekataliwa. Hata shimo la pweza ni siri ya mama aliyekuonyesha. Hilo ni riziki yake, na ukilitia kwenye ramani umemnyang'anya. Na droni usiirushe bila kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, hasa kisiwani Mombasa penye bandari na wanajeshi wa majini.

Kama hujui uanzie wapi, anzia kwenye ramani ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaweza kuijaza. Ifungue utazame kijiji chenu. Mara nyingi hoteli zipo zote, na kisima mnachochota maji hakipo, wala bandari ya wavuvi, wala njia ya kushukia baharini ambayo wenyeji wameitumia tangu babu zao. Njia hizo za kushukia ndizo zinazozibwa kwa kuta moja baada ya nyingine, na isiyoandikwa popote ni vigumu kuitetea. Ipite kwa miguu GPS ikiwa imewashwa, waulize wavuvi wanaiitaje, uliza afisi ya BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, kama nayo inaitambua, kisha uiweke kwenye ramani kwa jina hilo. Nenda saa nne asubuhi, siku ya bamvua, ufike nayo mpaka mwambani.