Waulize Wanyama: Maswali Yenu Kuhusu Ndoa, Uchumba na Ukoo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo lililopita tulisoma Ayubu 12:7, "Lakini sasa waulize hao wanyama, nao watakufundisha," tukaangalia jinsi Mungu alivyompa kila kiumbe namna yake ya kujilinda. Maswali yamekuja kutoka Makambako hadi Tukuyu. Kila ninaposoma swali moja, nami najikuta nauliza: huyu unayejikinga naye, ni adui yako au ni mtu wako?

Mke wangu ana maneno makali. Nikichelewa kidogo tu, nakutana na miiba kama ya yule nungunungu uliyemtaja. Nimfundishe vipi abadilike? (Baba wa watoto watatu, Makambako)

Kaka yangu, nungunungu harushi miiba. Wengi huku kwetu wanaamini anairusha kama mishale, lakini haiwezi kuruka. Ni nywele zilizokuwa ngumu, na ana utaratibu wake. Kwanza anaisimamisha. Kisha anatikisa mkia mpaka miiba ya mkiani ilie, na anakanyaga ardhi kwa kishindo. Mchokozi asiposikia, ndipo anamjia kinyumenyume na kumchoma. Kwa hiyo aliyechomwa, mara nyingi alionywa.

Sasa jiulize wewe. Mkeo alianza na miiba, au kabla yake alitikisa mkia mara nyingi nawe ukawa unaangalia simu? Simtetei kwa kila neno alilosema. Mithali 15:1 inatuhusu wote: "Jawabu la upole hugeuza hasira, bali neno liumizalo huchochea ghadhabu." Lakini umeuliza jinsi ya kumbadilisha yeye, nami naona pa kuanzia ni kwako. Adamu alipobanwa, utetezi wake wa kwanza ulikuwa "huyo mwanamke uliyenipa" (Mwanzo 3:12). Usianzie hapo.

Tena nungunungu huishi jozi. Dume na jike hukaa shimo moja na kulea watoto pamoja, na wote wawili wana miiba. Wanawezana kwa sababu miiba hulazwa. Jioni hii mwulize mkeo: "Ni jambo gani ulianza kuniambia zamani nami sikusikia?" Akijibu, usijitetee. Sikiliza mpaka amalize.

Mume wangu tukikosana ananyamaza siku tatu, nne, hata wiki. Hapigi wala hatukani. Mama mkwe anasema nishukuru. Nishukuru? (Mama, Mafinga)

Hapana mama, huo si ukimya wa kushukuru. Lakini usimchukie mumeo.

Kakakuona akitishwa hujikunja duara, kichwa na tumbo ndani, magamba nje. Magamba hayo yametengenezwa kwa kitu kilekile kinachotengeneza kucha zetu. Simba humgeuzageuza, humng'ata, huchoka, huondoka. Kwa simba kinga hiyo inafaa sana. Kwa jangili, kujikunja kunamrahisishia kazi: anainama, anamwokota, anamtia kwenye gunia. Ndiyo maana kakakuona ni miongoni mwa mamalia wanaouzwa kwa magendo zaidi duniani. Kinga ni ileile, adui ndiye aliyebadilika.

Wanaume wengi wa nyanda zetu hizi walikua wakiambiwa mwanamume halii, na mtoto anayemjibu mkubwa alichapwa. Huenda kunyamaza kulimwokoa mumeo mbele ya mzazi mkali. Leo mbele yake yupo mke aliyemchagua mwenyewe, naye bado anajikunja vilevile, huku ndoa inabebwa kwenye gunia.

Kakakuona hakunjuki kwa kugongwagongwa. Basi usimsemeshe kwa nguvu siku ya ugomvi. Subiri mkiwa na amani, umwambie: "Ukihitaji kunyamaza, nyamaza, lakini niambie tutaongea saa ngapi." Paulo naye aliweka muda: "jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka" (Waefeso 4:26).

Na umwambie jambo hili pia. Kakakuona jike mwenye mtoto akijikunja, anamkumbatia mtoto ndani ya duara. Yeye akijikunja, wewe na watoto mnabaki nje. Nadhani hajawahi kuliona hivyo.

Mchumba wangu ni kinyonga. Kanisani ni mwingine, kijiweni ni mwingine. Nimvumilie? (Dada, Tukuyu)

Umemwonea kinyonga, dada. Huyo wa pembe tatu wa milima ya Poroto na Rungwe, na wenzake wengi, hubadili rangi hasa kwa kuonyesha hali yao: akikutana na mpinzani anang'aa, akishindwa anafifia, na akipata baridi anakuwa mweusi zaidi. Rangi yake inasema ukweli wa alivyo. Mchumba wako anakuficha alivyo. Msitangaze ndoa mpaka umjue yule wa kijiweni.

Wifi yangu amenisema vibaya kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Nimjibu hapohapo ili wote wajue ukweli? (Mke wa kaka mkubwa, Kilolo)

Usimjibu humo. Warina asali wa huko kwenu watakueleza: nyuki mmoja akikuchoma, usikae hapohapo ukipigana naye. Mwiba wake umebaki kwenye ngozi yako, na pale pana harufu inayowaita wenzake waje wachome palepale. Yeye mwenyewe anakufa, maana mwiba umeng'oka na sehemu ya tumbo lake. Moshi wa mrina asali husaidia kwa sababu unaifunika harufu hiyo.

Ukimjibu mbele ya shangazi, mashemeji na binamu, umewaita wote. Kila mmoja atachagua upande, na wengine wataumia kwa ugomvi usiowahusu. Bwana Yesu ametupa njia: "enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo" (Mathayo 18:15). Mpigie simu, au bora zaidi, nenda nyumbani kwake. Asiposikia, aya zinazofuata zinasema umchukue mmoja au wawili. Hao wawili wawe watu wazima wenye kifua.

Mwenye duka ninapofanya kazi ananitaka kimapenzi. Nikiacha kazi sina kodi ya chumba. (Binti, Mwanjelwa)

Mwanangu, mjusi akishikwa mkia, anauacha ukiwa bado unacheza, naye anakimbia. Yusufu aliacha vazi lake mkononi mwa mke wa Potifa akatoka nje (Mwanzo 39:12). Gharama ipo. Mkia ni akiba ya mafuta ya mjusi, na unaoota upya huwa na gegedu badala ya mfupa. Yusufu alitupwa gerezani. Sitakudanganya kwamba kuondoka ni rahisi, lakini ondoka. Nanyi washarika mnaosoma hapa, msimsifu binti kama huyu kwa maneno matupu huku hana pa kulala. Mchangieni kodi.

Mume wangu ananipiga. Nilikwenda kwa mzee wa kanisa, akanisomea Isaya 53:7, kwamba niwe kama kondoo anyamazaye, akanirudisha nyumbani. Nifanye nini? (Mama, karibu na Iringa mjini)

Mama yangu, aya hiyo inamhusu Kristo akibeba dhambi za ulimwengu. Haikuandikwa ili wewe uvunjwe mbavu.

Kondoo hana pembe za kutisha wala mbio za swala. Kinga yake ni kundi na mchungaji. Yesu anasema aliye wa mshahara akimwona mbwa-mwitu anawaacha kondoo na kukimbia (Yohana 10:12). Anayemchukua kondoo na kumrudisha kwa mbwa-mwitu amefanya vibaya zaidi. Daudi alipotupiwa mkuki na Sauli alikimbia. Hakulipa kisasi hata alipompata pangoni, wala hakurudi kukaa mezani kwake. Unaweza kusamehe ukiwa mbali.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, hata kama mila inaruhusu. Nenda kituo cha polisi chenye Dawati la Jinsia na Watoto, au kwa afisa ustawi wa jamii. Kama una majeraha, tibiwa na utunze karatasi za hospitali. Watoto na vyeti vyao usiviache nyuma. Tafuta ndugu au mama mmoja wa kanisani atakayekupokea usiku wowote, umwambie leo, kabla ya siku ya hatari. Kisha mwone mchungaji wa usharika wako. Naye akikurudisha, usirudi.