Flashi ina nafasi, kwa nini nisiweke kila kitu?

SWALI: Fundi, shikamoo. Naandaa flashi ya kusakinishia Linux kwenye kompyuta zote za ofisini kwetu. Kila mwenzangu ana lake: mmoja anataka programu ya kuhariri picha, mwingine Python, lugha ya kuandikia programu, wa tatu anasema tusiweke chochote, kila mtu atajipakulia. Nafasi ipo tele. Kwa nini nisiweke vyote, yakaisha?
Msomaji, kitengo cha kompyuta

JIBU: Marahaba. Nafasi isikudanganye. Programu ikishaingia kwenye msingi wa mfumo, watu wanaiegemea. Wataandika skripti zao, yaani programu fupi za kazi zao, wakijua ipo, na siku ukitaka kuitoa utasikia vilio kutoka pande ambazo hukuzijua.

Waulize watengenezaji wa FreeBSD, mfumo endeshi unaofanana na Linux, kuhusu Perl, lugha nyingine ya kuandikia programu. Ilikuwa sehemu ya mfumo wenyewe, na toleo lake likazeeka humohumo: Perl 5.6 ilitoka mwaka 2000, lakini FreeBSD za namba 4 ziliendelea kubeba 5.005. Aliyetaka mpya alijisakinishia pembeni, akabaki na Perl mbili kwenye mashine moja. Ilipoondolewa katika FreeBSD 5.0, mwaka 2003, zana za mfumo zilizokuwa zikiitegemea ilibidi ziandikwe upya au ziachwe. Apple nao walibaki na Python 2.7 ndani ya macOS hadi toleo la 12.3, mwaka 2022, ilhali wenyewe wa Python walikwisha kuacha kuihudumia tangu Januari 2020.

Kwa hiyo huyo wa Python mjibu kama walivyofanya kampuni ya Red Hat katika RHEL 8, Linux yao ya makampuni, mwaka 2019. Zana za mfumo zina Python yao, imefichwa kwenye saraka ya /usr/libexec, na mtumiaji anajichagulia toleo la kazi zake. Mimi naupenda sana mpangilio huo, maana mtu anapandisha toleo lake bila kuvunja la mfumo.

Jambo la pili ni usalama, na hapa sina mzaha. Januari 2021 ilitangazwa kasoro ndani ya sudo (programu ya kuendeshea amri kwa mamlaka ya msimamizi) iliyomwezesha mtumiaji yeyote wa mashine, hata asiye na ruhusa ya kutumia sudo, kujifanya root, yaani msimamizi mwenye mamlaka yote. Kasoro hiyo ilikuwemo tangu 2011. Watengenezaji wa OpenBSD, mfumo endeshi ulio ndugu wa FreeBSD, walikuwa wamekwisha kuiondoa sudo kwenye msingi mwaka 2015, katika toleo la 5.8, wakaweka doas, programu ndogo inayofanya yale ambayo wengi huyahitaji. Anayeitaka sudo bado anaipata kama kifurushi cha kujisakinishia pembeni.

Lakini anayesema msiweke chochote naye amepitiliza. Fikiria umekosea herufi moja kwenye faili la mipangilio ya mtandao, ukawasha upya mashine, mtandao hakuna. Kihariri cha maandishi utakipakua kupitia wapi? Ndiyo maana OpenBSD huweka ed, kihariri kidogo cha maandishi, ndani ya saraka ya /bin, iweze kufunguka hata kama /usr, saraka yenye programu nyingi, haijaunganishwa kwenye mfumo, na FreeBSD wana saraka nzima ya uokoaji inayoitwa /rescue, na vi, kihariri kingine, imo. Weka kihariri, zana za mtandao na za kukagua diski, SSH (njia salama ya kuingia kwenye mashine kupitia mtandao) kama unahudumia mashine ukiwa mbali, na kisimamizi cha vifurushi pamoja na funguo za kuthibitisha sahihi za vifurushi hivyo. Bila hizo mashine haiwezi kujiokoa.

Kihariri cha picha kiende ghalani, yaani kwenye hifadhi ya vifurushi ambako anayekihitaji hujipakulia. Ubuntu, mojawapo ya aina za Linux, waliiondoa GIMP, kihariri cha picha, kwenye usakinishaji wa kawaida katika toleo la 10.04, na anayeihitaji huipata kwa amri moja. Wewe tengeneza kifurushi tupu chenye orodha ya mahitaji ya idara inayohariri picha. Wakikisakinisha, vingine vyote vinafuata.

Kisha kaa na wenzako, na mbele ya kila programu mnayotaka iwe ya msingi muandike jina la atakayefuatilia matangazo yake ya usalama. Ikikosa mtu, itoeni kabla hamjagawa flashi.